Sita Nukta Nne

Mwanamke huyu alikuwa na jina lake, lakini jina hilo lilitumika kwenye karatasi za mshahara tu. Pale kliniki ya watoto, na mtaani kote, aliitwa Bi Mizani, na aliitika kwa raha zake. Miaka ishirini na miwili alisimama palepale, karibu na dirisha la chumba cha mbele, chini ya ndoano iliyochomelewa kwenye boriti, akiwatundika watoto wa watu mmoja mmoja kwenye mizani ya duara yenye uso mweupe na mshale mwekundu. Mtoto anavalishwa kaptula ya kupimia akiwa mapajani mwa mama yake, anatundikwa, analia, akijisikia anakojoa, mshale unacheza, unatulia, namba inatajwa, kadi inaandikwa. Usije ukamwambia kwamba hiyo ni kazi ndogo. Mhudumu mmoja mgeni aliwahi kumwambia hivyo, na mpaka leo wanasalimiana kwa shingo upande.

"Mume atakudanganya," alizoea kuwaambia akina mama. "Shoga yako atakudanganya. Hata kioo kitakudanganya ukikibembeleza. Mizani haidanganyi."

Na akina mama walicheka, kwa sababu alikuwa mcheshi kweli, na kwa sababu mwenye mizani hanuniwi.

Utaratibu wa pale ulikuwa rahisi. Chumba kilikuwa na milango miwili. Mtoto aliyeongezeka uzito alitokea mlango wa kushoto, akaenda zake nyumbani. Mtoto aliyekaa palepale mara mbili mfululizo, au aliyepungua, alipitishwa mlango wa kulia, kwa Sista, muuguzi mkuu, akachunguzwe. Aliyeamua mlango ni mshale, na aliyeusoma mshale ni Bi Mizani. Kwa hiyo elewa uzito wa mwanamke huyu.

Kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza, alikuwa na jambo moja la kufanya. Kaptula ya kupimia ina uzito wake, na uzito wa kaptula si uzito wa mtoto. Unaitundika tupu, unazungusha kifundo kilicho nyuma ya mizani mpaka mshale usimame kwenye sifuri, ndipo unaanza. Mkono wake uliijua kazi hiyo kuliko kichwa. Aliifanya huku akisalimiana, huku akimkemea mtu aliyeacha mlango wazi, huku akipiga miayo.

Sasa kaptula ya zamani ilikuwa imechakaa, mshono umeachia, juzi yake mguu wa mtoto ulipenya pasipo pake nusura adondoke. Bi Mizani hakungoja kuletewa nyingine, maana angengoja mpaka astaafu, na kustaafu kwenyewe kulikuwa kumebaki miezi mitano. Alitafuta kipande cha turubai, akakaa nacho jioni nne, akashona mshono juu ya mshono, akatia na pete za chuma za kuning'inizia. Siku ya kuileta alifika kliniki, akatundika ile ya zamani kwa mazoea, akazungusha kifundo, mshale ukakaa kwenye sifuri. Ndipo akakumbuka.

"Ala! Mimi si nina nguo mpya!" Akaivua ya zamani ndoanoni, akaitoa mpya mkobani, akaizungusha hewani kila mtu aione. Akina mama wakapiga makofi. Hapohapo mtoto wa kwanza akavalishwa, akatundikwa. Kifundo hakikuguswa tena.

Hapo ndipo lilipofanyika, mchana kweupe, mbele ya akina mama arobaini na mmoja, na hakuna aliyeliona. Nakuonyesha mapema ili usije ukasema nilikuficha. Turubai lile na vyuma vyake lilizidi kitambaa cha zamani kwa gramu mia nne, na siku ile nzima kila mtoto aliandikiwa gramu mia nne ambazo hazikuwa zake.

Wa tisa kwenye foleni alikuwa Kibabu.

Kibabu alikuwa na miezi saba. Jina hilo alipewa na bibi yake mzaa baba siku ya tatu tu duniani, kwa ajili ya makunyanzi ya paji la uso na ile tabia yake ya kumkodolea mtu macho bila kupepesa. Wakati huo ulikuwa utani. Miezi ikapita, wenzake wakajaa mashavu, yeye akabaki na makunyanzi yake, na jina likaacha kuchekesha. Mama yake alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mtu wa maneno machache. Kila alipokuja kliniki alifuatana na mama mkwe wake, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia.

Binti yule alipopokea ile kaptula ili amvalishe mwanawe, aliipima mkononi kama fundi anavyopima kitambaa.

"Turubai hili zito, bibi," alisema.

"Zito ndiyo," Bi Mizani akajibu kwa fahari. "Limeshonwa na mtu mzima. Halitachanika leo wala mwaka kesho."

Kibabu akatundikwa. Hakulia kama wenzake, alihema tu harakaharaka, macho kwa mama yake. Mshale ukatulia.

"Sita nukta nne! Mwezi uliopita alikuwa na sita nukta moja. Gramu mia tatu, mama, hongera! Mlango wa kushoto."

Mama Kibabu hakuondoka. Alimtoa mtoto kwenye kaptula, akamshika kifuani, akasimama palepale.

"Bibi, naomba nimwone Sista. Akinyonya anachoka. Ananyonya kidogo, anaachia, anahema, kichwa chote kinalowa jasho. Analala kabla hajashiba."

"Maziwa yake mepesi," mama mkwe akadakia. "Mimi nimelea saba, hakuna aliyetokwa jasho kwa kunyonya. Kunyonya ni kulima?"

"Joto hili, nani hatoki jasho?" Bi Mizani alisema. "Mwanangu, mtoto anaongezeka. Acha kumtafutia ugonjwa."

"Mimi ndiye ninayembeba, bibi. Mgongoni hajaongezeka."

"Kwani mgongo wako una mshale?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Lilikuwa jibu zuri, lilimjia papo kwa papo, na Bi Mizani mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi. Binti akainamisha uso, akamfunga mtoto, akatoka mlango wa kushoto. Mama mkwe akamfuata huku akimwambia, haya umesikia, mtoto hana neno, sasa utulie.

Na alitulizwa. Wiki mbili na ushee kila alipofungua mdomo nyumbani alioneshwa kadi. Kadi inasema anakua, wewe unasema hakui, tumwamini nani? Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole, naye alisema tungoje basi tarehe ya kliniki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga walisema, lakini hawakusema mzazi afanye nini akishaujua na hakuna anayemsikia.

Wiki ya tatu hakungoja tarehe. Alikuja asubuhi na mapema, karibu anakimbia, mama mkwe nyuma yake akitweta. Midomo ya Kibabu ilikuwa imepauka rangi ya majivu na mbavu zilikuwa zikiingia na kutoka. Bi Mizani alimtundika mara moja, bila mzaha. Siku zote baada ya ile siku ya kwanza alikuwa ameirekebisha mizani na kaptula mpya, kama kawaida, kwa hiyo safari hii mshale ulisema kweli.

Tano nukta tisa.

"Nusu kilo!" Bi Mizani alipiga kelele. "Wiki tatu, nusu kilo! Wewe binti, umemfanya nini mtoto huyu? Aliharisha ukakaa naye nyumbani? Ulimwachisha ziwa?"

"Mwulize," mama mkwe alisema. "Mwulize vizuri, maana mimi kanishinda."

Mama Kibabu alimfunika mwanawe kwa kanga. Machozi yalimtoka tu, mengi, bila sauti. Sista alipotoka na kuona jinsi mtoto anavyohema hakuuliza mengi. Aliandika barua ya rufaa akiwa amesimama, akaandika kwamba mtoto amepoteza nusu kilo ndani ya wiki tatu, akaibana na kadi, akawaambia waende hospitali kubwa saa hiyohiyo. Wakaondoka.

Bi Mizani aliendelea na kazi huku akinung'unika. Wasichana wa siku hizi, alisema. Wanazaa kabla hawajajua kulea.

Ilipokaribia saa sita akaja mama mwingine, muuza duka wa mtaa wa pili, na dume lake la miezi tisa ambalo kila mtu alikuwa akiliita Bonge. Mtoto ana pingili za mikono kama za mpiga ngumi, ukimtundika boriti inalalamika. Mshale ukatulia kwenye nane nukta tisa. Kadi ilikuwa inasema tisa nukta moja.

"Bi Mizani, mizani yako imelewa leo," mama Bonge alicheka. "Mtoto huyu wiki hii tumemnunulia nguo kubwa, za zamani hazimwingii. Apungue wapi?"

Bi Mizani hakucheka. Aliangalia tarehe kwenye kadi. Akaifungua rejista, akatafuta ukurasa wa tarehe hiyo, na kidole chake kikashuka majina mpaka la tisa, la Kibabu. Tarehe ileile. Akamwomba mama Bonge amwie radhi kidogo, akaingia stoo, akaipata kaptula ya zamani kando ya ndoo, ilikogeuzwa tambara la kufutia mabenchi, imekauka na kukakamaa. Akarudi, akaitundika, akazungusha kifundo hadi sifuri. Akaivua. Akatundika ya turubai.

Mshale uliruka ukasimama kwenye nukta nne.

Akakumbuka kila kitu kwa mara moja: makofi, kicheko, mkono wa binti ukiipima nguo. Turubai hili zito, bibi. Alirudi stoo akaketi juu ya boksi la sabuni.

Nitasema ukweli wake, maana yeye mwenyewe baadaye hakuuficha. Wazo la kwanza halikuwa mtoto. Wazo la kwanza lilikuwa miezi minne iliyobaki kabla ya kustaafu. Akimaliza miezi hiyo ataagwa vizuri, atapewa cheti, wataambiwa wageni kwamba huyu mama hajakosea siku hata moja. Nani atajua? Springi za mizani hulegea. Angeweza kusema springi imelegea, ikaletwa mizani mpya, na mambo yakaisha. Alikaa na wazo hilo kwa muda, akaligeuzageuza, na lilikuwa wazo tamu.

Lakini mtu hawezi kushinda mahali kwa miaka ishirini na miwili akawa hajui kitu. Alijua jinsi madaktari wanavyousoma ule mstari wa kwenye kadi, unaounganisha nukta za uzito wa kila mwezi. Mtoto akikaa palepale miezi mitatu, wanatafuta ugonjwa uliojificha. Mtoto akipanda halafu akaporomoka ghafla, wanajua kapoteza maji, na aliyepoteza maji anarudishiwa maji, upesi, kwenye mshipa. Na Kibabu hakuwa amepoteza maji. Asubuhi ile ile alimlowesha Bi Mizani mkono mzima alipokuwa akimvua kaptula. Kadi iliyokuwa njiani kuelekea hospitali ilikuwa na mlima ambao haukuwapo, na mlima huo aliuchora yeye.

Akainuka, akaenda kwa Sista.

"Sista, nimeharibu."

Alimweleza yote akiwa amesimama, kaptula moja mkono huu, nyingine mkono ule. Sista alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na tano, na Bi Mizani ndiye aliyempokea kazini. Alinyanyua simu, akaipigia hospitali, ikaita mpaka ikakatika, akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika.

"Niseme tu springi imelegea?" Bi Mizani aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa.

"Mficha uchi hazai, mama," Sista alisema. "Nenda. Chukua kaptula zote mbili, waliobaki nitawapima mimi kwa kanga."

Akatoka nje, akasimamisha pikipiki ya kukodi, mwanamke wa miaka hamsini na tisa aliyeapa kwamba hatapanda chombo hicho maishani. Rejista na kaptula zote mbili alizibana kwapani. Dereva alimwambia, shika vizuri mama. Akamshika kiunoni kwa mkono mmoja, macho kafumba, wakaenda.

Wodi ya watoto ilikuwa ndefu, vitanda safu mbili, ukuta umepakwa rangi ya bluu mpaka kimo cha mtu na nyeupe juu. Kibabu alikuwa kitanda cha mwisho. Chupa ya maji ilining'inia juu yake, na tone lilikuwa likifuata tone. Midomo haikuwa ya majivu tena, sasa ilikuwa ya zambarau, na kila pumzi ilitoka na kilio kidogo. Mama yake alikuwa amepiga magoti sakafuni, kichwa chake kando ya kichwa cha mtoto. Mama mkwe alikaa kwenye kiti akimweleza mama wa mtoto wa kitanda jirani jinsi mtoto alivyokuwa ameanza kunenepa hata kadi ikashuhudia, mpaka mama yake alipomzembea.

Daktari, msichana mwenye miwani na macho yaliyokosa usingizi, alikuwa akiandika kwenye faili. "Tutaongeza maji," alimwambia muuguzi. "Haitikii."

"Daktari, usiongeze!"

Watu waligeuka. Bi Mizani alikuja katikati ya vitanda, vumbi la barabara usoni, kitambaa cha kichwani kimehama.

"Wewe ni nani?" daktari aliuliza.

"Mimi ndiye niliyempima. Huyu mtoto hajapungua nusu kilo."

Akazitandika zile kaptula mbili kitandani, miguuni pa Kibabu, akafungua rejista juu yake. Alikuwa amejiandalia maneno mazuri njiani, yote yakamtoroka, akasema kama yalivyokuja.

"Hii ndiyo ya zamani. Hii nimeishona mimi. Siku ile nilipanga sifuri na hii, nikawapima watoto na hii. Ukizishika utajua. Hiyo sita nukta nne hapo kwenye kadi ni uongo. Si uongo wa mizani wala wa huyu binti, ni wangu. Mtoto alikuwa na sita kamili. Mwezi wa nyuma yake sita nukta moja, na wa nyuma yake sita. Hakupanda, na hakuporomoka juzi. Amesimama hivyo miezi yote, mimi nikamtoa mlango wa kushoto."

Daktari alizishika kaptula, moja moja. Akaichukua kadi, akaikata ile nukta ya juu kwa kalamu, akaweka nyingine chini yake, akaunganisha upya. Mlima ukaondoka. Ulibaki mstari uliolala, unaoinama kidogo mwishoni.

Alinyoosha mkono akakifunga kibomba cha maji. Akaweka kifaa chake kifuani pa Kibabu, safari hii akamwashiria kila mtu anyamaze, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kuvumilia. Akabonyeza tumbo, chini ya mbavu za kulia.

"Asubuhi alikuwa akilia, nilimsikiliza juujuu," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama, akinyonya huwaje?"

Mama Kibabu aliinua kichwa. Hakumtazama daktari, alimtazama Bi Mizani.

"Anachoka. Anaachia ziwa, anahema, kichwa kinalowa jasho. Analala kabla hajashiba." Akamfuta mtoto jasho. "Nilikwambia, bibi."

"Uliniambia," Bi Mizani alisema.

"Nilikwambia na nguo nzito."

"Uliniambia, mwanangu. Yote uliniambia."

Tangu utoto tunafundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo je? Asiyelisikia huvunjika nini? Bi Mizani alisimama pale mbele ya kitanda na alijua jibu.

Daktari aliwaeleza taratibu, kwa maneno ya kawaida. Moyo wa mtoto ulikuwa na tundu. Ulikuwa ukifanya kazi ya mioyo miwili, na chakula chote alichokula kilikuwa kikiishia kuulisha moyo huo badala ya mwili. Kunyonya kwake kulikuwa kama kupanda ngazi. Maziwa ya mama hayakuwa na kosa lolote. Maji waliyokuwa wakimtia yalikuwa yakimzamisha kutoka ndani, na kama ile chupa ya pili ingetundikwa, alisema, halafu hakuimalizia sentensi.

Mama mkwe alikuwa amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Aliinuka, akakivuta kile kiti mpaka karibu na kitanda.

"Kaa hapa, mwanangu," alimwambia mkwewe. "Umepiga magoti tangu asubuhi."

Kibabu alilala hospitali wiki tano. Alipewa dawa ya kumkojoza yale maji, na maziwa ya mama yake yalikamuliwa yakapitishwa kwenye mrija mwembamba puani, kidogo kidogo, ili ashibe bila kufanya kazi. Usiku wa kwanza na wa pili hakuna aliyejua kama kutakucha naye. Kulikucha. Wakasema atapasuliwa moyo, inawezekana, lakini kwanza apate mwili wa kuhimili kisu.

Bi Mizani hakungoja kuitwa na wakubwa. Kesho yake asubuhi, kliniki ikiwa imejaa, aliinua ile kaptula ya turubai mbele ya akina mama na akawaambia. Hakuweka mzaha hata mmoja. Wengine waliguna, mmoja alimtukana kwa sauti, naye akaitikia kwa kichwa. Kisha akawatafuta wote arobaini na mmoja, nyumba kwa nyumba, akawarudisha kupimwa, na wawili kati yao wakapitishwa mlango wa kulia. Barua ya onyo alipewa, ikaingia kwenye faili lake lililokuwa safi miaka ishirini na miwili. Sherehe ya kuagwa aliikataa mwenyewe. Na toka siku ile hakumtundika mtoto bila kutundika kwanza kaptula tupu na kumwita mama mwenye zamu aje aangalie. Mama aangalie, mama ataje kwa kinywa chake: sifuri. Ndipo wanaanza.

Kibabu aliporudi nyumbani ilibidi apimwe kila Jumatatu. Mama yake alikuja naye kila Jumatatu. Alimwamkia Bi Mizani kwa adabu, kama mtu anavyomwamkia mzee yeyote, basi. Aliutazama mshale mwenyewe, kwa muda, akasema "sifuri." Alimvalisha mtoto mwenyewe, akamtundika mwenyewe, akaisoma namba mwenyewe, akaichukua kadi akampelekea Sista aiandike. Kazi iliyobaki kwa Bi Mizani ilikuwa kusimama chini ya mtoto, mikono imekingwa, asije akaanguka. Aliifanya.

Jumatatu ya kwanza, tano nukta nane, kwa sababu maji yalikuwa yametoka. Kisha tano nukta tisa. Kisha sita. Kisha sita tena, akawa na mafua, akarudi nyuma, tano nukta tisa. Siku hiyo, akimfunga mtoto mgongoni, binti alisema bila kumwangalia mtu:

"Bado hajafika pale ulipomwandika."

"Bado," Bi Mizani alisema.

Nyumbani, usiku ule, Bi Mizani hakulala. Miaka yote alikuwa akizitaja namba kama mtu anayetaja bei za nyanya. Sasa alijua gramu mia nne ni nini. Ni vijiko vingapi vya maziwa, ni Jumatatu ngapi, ni mama kuamka usiku mara ngapi. Alizitoa siku ile kwa uzembe wa mkono, bure, na mtoto yule ilimbidi azichume moja moja kwa pumzi yake.

Sita nukta moja. Sita nukta moja. Sita nukta mbili. Sita nukta tatu.

Bi Mizani alikuwa amebakiwa na siku nne za kazi. Ilikuwa Jumatatu, foleni imefika mlangoni, kaptula tupu inaning'inia. Mama Kibabu alisogea, akauangalia mshale.

"Sifuri," alisema.

Akamvalisha mwanawe, akamtundika. Kibabu alikunja paji lake la uso, akamkodolea macho yule bibi aliyesimama chini yake na mikono imekingwa, kisha akanyoosha mguu akampiga teke la kifua, teke lenye nguvu. Mshale ukacheza. Ukatulia. Hata foleni ilikuwa inajua namba inayongojwa.

Binti hakuisoma namba ile. Alitoa kadi kwenye mkoba, akaifungua kwenye meza, akaitafuta kalamu, na badala ya kwenda na kadi kwa Sista akamnyooshea Bi Mizani kalamu.

"Soma, bibi."

Bi Mizani alisoma. Alisoma wazi, kama alivyosoma siku ile ya makofi.

"Sita nukta nne."

"Haya," mama yake Kibabu alisema. "Sasa andika."